Madaftari ya ndege aliyoacha baba, yachomwe au yapelekwe wapi?

*Swali: "Habari mtaalamu. Baba yangu alifariki mwaka jana. Alikuwa mwalimu wa shule ya bweni Mombasa, nyumbani kwetu ni Taita karibu na Voi. Ameacha madaftari 14 ya ndege, kuanzia 1974 mpaka 1998. Ameandika tarehe, saa, ndege gani kaona na wangapi, mara nyingine mvua, hata madeni ya watu yamo. Majina mengine ni ya Kiswahili, mengine Kiingereza, mengine Kitaita, na kuna moja la Kitaita linajirudia kila Novemba sijui ni ndege gani. Daftari la 1983 lina kipete cha chuma kimebandikwa na selotepu, kina namba na neno MOSKWA, pembeni ameandika 'korongo, amekufa, waya wa stima'. Nyumba inarekebishwa na kaka zangu wanasema hayo makaratasi yachomwe. Rafiki yangu wa chuo anasema siku hizi ndege wanafuatwa na setilaiti, vitu vya zamani vya mtu asiye na digrii havina kazi, labda nitoe kurasa zenye ndege adimu tu. Mama yuko hai, ana miaka 79. Nifanye nini?"*

Pole sana dada kwa kuondokewa na mzee. Kabla sijaenda popote, waambie kaka zako waweke kiberiti chini. Madaftari 14 yanaenea kwenye begi moja la shule, yatoe hapo leo uyaweke kwako halafu ndo tuongee.

Nikikusoma naona kuna swali umeliandika na kuna lingine hukuliandika. Uliloandika ni yapelekwe wapi. Ambalo hukuliandika ni kama mzee alikuwa anapoteza muda wake miaka 24 yote ile. Hapana, hakupoteza. Ila na mimi sitakudanganya kwamba umekalia dhahabu, manake daftari likiwa kabatini bado ni daftari tu, thamani yake inategemea sana utakavyolishughulikia kuanzia sasa, na kuna watu wameharibu kumbukumbu nzuri kabisa kwa nia njema.

Hili la digrii nianze nalo maana linaniudhi kidogo. Mwaka 1881 kule Marekani kijana mmoja aliyekuwa akifundisha shule, Wells Cooke, alianza kuwaomba watu wa bonde la Mississippi wamwandikie ni lini ndege gani wamefika kwao. Watu wenyewe ni wakulima, walimu, wafanyakazi wa kawaida, baadaye hata walinzi wa minara ya taa baharini wakaombwa. Ikakua, ikachukuliwa na serikali, kadi ziliendelea kujazwa mpaka 1970 na zikafika kama milioni 6. Halafu? Zikakaa. Miaka na miaka ziko kwenye makabati huko Maryland hakuna anayezigusa, mpaka mwaka 2009 ndo zikaanza kupigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti, na watu wa kujitolea wakawa wanazinakili moja moja kwa mkono kwa sababu kompyuta ilishindwa kusoma mwandiko. Leo mtu akitaka kujua kama mbayuwayu wanafika Marekani mapema kuliko enzi za mababu zao, anarudi kwenye kadi hizo, na wengi waliozijaza hawakuwa na digrii ya ndege hata mmoja.

Na setilaiti? Rafiki yako yuko sahihi nusu. Kifaa cha setilaiti kinakuonyesha ndege mmoja, kila alipopita, kwa usahihi ambao mzee asingeweza kuota. Lakini hakirudi nyuma. Hakuna setilaiti itakayokuambia Novemba 1979 pale kwenu palikuwaje. Hata eBird, ile programu wanayotumia watazama ndege dunia nzima, imeanza 2002, yaani miaka minne baada ya mzee kufunga daftari lake la mwisho.

Tena angalia pengo lenyewe lilivyo. Kenya tuna kitabu kikubwa cha ramani za ndege, cha Lewis na Pomeroy, kilitoka 1989, nchi imegawanywa kwenye miraba ya kama kilomita 27 kwa 27. Kazi mpya ya ramani, Kenya Bird Map, imeanza 2013, na hii inatumia miraba midogo ya kama kilomita 9. Kati ya hapo na hapo sehemu nyingi ni giza. Madaftari ya mzee ya miaka ya 70 na mwanzo wa 80 yanaweza kuongezea kile kitabu, lakini yale ya miaka ya 90 ndo mimi ningeyakimbilia kwanza, kwa sababu wakati ule waliokuwa wanaandika kila wiki mahali pamoja hawakuwa wengi.

Sasa lile la kutoa kurasa zenye ndege adimu tu. Dada, usifanye, tafadhali. Ndege adimu ndo rekodi ngumu kuliko zote kuthibitisha, mtu atakuuliza picha iko wapi, nani mwingine alimwona, na mzee hayupo ajibu. Mstari wa kuchosha kama "mbayuwayu 12, kunguru 4, hakuna korongo" ndo una nguvu. Hiyo "hakuna korongo" hasa. Ukikuta siku ameandika hakuna kitu, nakili, usiruke, manake inakuambia alitoka, alitazama, hakuona, na hiyo ni tofauti kabisa na siku ambayo hakuandika kabisa. Kosa kubwa kwenye kumbukumbu za zamani ni kuchanganya hizo mbili.

Ngoja nilieleze hilo vizuri kwa sababu ndo roho ya mambo yenyewe. Watu wengi wanafikiri kazi ya kumbukumbu za ndege wahamaji ni tarehe ya yule wa kwanza kufika, basi unachora mstari unaona kama wanawahi au wanachelewa. Shida ni kwamba tarehe ya wa kwanza inategemea mambo ambayo hayahusiani na ndege. Ukitazama kila siku utamwona mapema kuliko ukitazama Jumamosi tu. Na ndege wenyewe wakiwa wengi yule mmoja mwenye haraka anaonekana mapema zaidi, wakipungua anaonekana amechelewa, kumbe safari haijabadilika hata siku moja, ni idadi imeshuka. Wale Wamarekani waliliona hilo mapema, kadi zao zilikuwa na nafasi ya wa kwanza, na anayefuata, na lini wamekuwa wa kawaida, na wa mwisho. Hiyo "lini wamekuwa wa kawaida" inaaminika kuliko ya kwanza.

Turudi kwa mzee wako. Alifundisha shule ya bweni Mombasa, si ndio? Kwa hiyo Taita alikuwa likizo tu, Aprili, Agosti, Desemba, na labda wikendi za katikati ya muhula. Mtu asiyejua hilo akichukua madaftari atasema ajabu, Taita mbayuwayu wa Ulaya wanafika Desemba! Wakati wanaanza kuingia Kenya tangu Septemba hivi, mzee tu ndo hakuwepo. Ndo maana kabla hata ya kuandika ndege mmoja kwenye kompyuta nataka utengeneze kalenda ya baba, mwaka kwa mwaka alikuwa wapi, alihamishwa lini, aliugua lini, alistaafu lini. Hiyo kalenda ukiiambatanisha, thamani ya madaftari inapanda mara kadhaa, na hakuna mwingine duniani anayeweza kuitengeneza isipokuwa nyinyi nyumbani.

Tuje kwenye majina. Hapa uwe mwangalifu kupita maelezo. Nakili kama alivyoandika, herufi kwa herufi, na kama alikosea tahajia acha ikosewe. Halafu pembeni, safu nyingine kabisa, andika unavyodhani ni ndege gani na una uhakika kiasi gani. Korongo kwa Kiswahili chetu ni nani? Ni huyu mweupe mwenye mabawa meusi na miguu myekundu anayetoka Ulaya, lakini ni yule mweusi mwenye tumbo jeupe pia, anayezaliana huko Sudan na Sahel na kupita kwetu akifuata mvua, na kuna watu wanaita korongo hata wale ndege wengine wakubwa wa miguu mirefu wa mtoni. Mbayuwayu vilevile, wengine wanachanganya na teleka, halafu tuna mbayuwayu wa hapahapa ambao hawaendi popote mwaka mzima. Kipanga ndo usiseme, kila kitu chenye kucha kinaitwa kipanga. Ukigeuza "korongo" yote kuwa korongo mweupe wa Ulaya kwa sababu imependeza machoni, umeshaharibu na hakuna atakayejua. Mzee mwenyewe labda ametofautisha, tafuta kurasa za mwanzo, watu wa aina yake mara nyingi wanaandika maelezo mara moja tu halafu wanafupisha maisha yote.

Kitu kingine ambacho wageni hawatakuonya ni saa. Mzee akiandika "saa 1" asubuhi anamaanisha saa moja yetu, jua limetoka, ambayo kwenye kompyuta ni 7:00. Mimi mwenyewe niliwahi kuingiza daftari la mzee mmoja wa pwani, sululu na chamchanga kwenye matope maji yakitoka, nikawa naandika 1:00, 2:00 kama zilivyo, nikashangaa mbona huyu mzee anahesabu ndege usiku wa manane. Nilikuwa nimeshapita mistari mia nne. Nikaanza upya na chai ikapoa. Na kwa kuwa wako alikuwa mwalimu aliyechanganya lugha, inawezekana akiandika ndege kwa Kiingereza anatumia saa ya Kizungu na akiandika kwa Kiswahili anatumia yetu, kwa hiyo usikate shauri moja kwa madaftari yote, angalia ukurasa kwa ukurasa. Tarehe nazo, 3/4/78 kwake ni tarehe tatu Aprili, lakini Excel ikiwa imewekwa Kimarekani itakugeuzia kuwa Machi tarehe nne bila hata kukuuliza. Weka siku, mwezi na mwaka kwenye safu tatu tofauti umalize kesi.

Sasa kipete. Hapo kwenye hicho kipete nilisimama nikakusoma mara mbili. Kuvisha ndege pete za namba kulianza Denmark mwaka 1899, mwalimu mmoja tena (walimu na ndege jamani!) anaitwa Mortensen aliwavisha kwezi pete za alumini zenye namba na anwani. Wazo ni rahisi, kila namba ni ya ndege mmoja tu, kuna rejista mahali inayosema alivishwa lini na wapi, ndege akipatikana kwingine unaunganisha nukta mbili. Kabla ya hapo Ulaya walikuwa wanabishana ndege wanaenda wapi wakati wa baridi, kuna waliosema wanalala chini ya matope ya ziwa! Mwaka 1822 kaskazini mwa Ujerumani alipigwa korongo mwenye mshale wa Kiafrika shingoni, wa kama sentimita 80, alikuwa ameruka nao mpaka kwao. Yupo mpaka leo amekaushwa, Chuo Kikuu cha Rostock. Huyo alikuwa ushahidi, ila hana namba. Wa baba yako ana namba.

MOSKWA haimaanishi korongo alitoka Moscow, usije ukawaambia watu hivyo. Ni anwani ya rejista tu. Enzi hizo pete za Moskwa zilitumika sehemu nyingi za Sovieti, kwa hiyo ndege angeweza kuvishwa mbali sana na mji wenyewe. Kama ni yule korongo mweupe njia yake inaeleweka, anasafiri kwa kuelea juu ya hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini, juu ya bahari hewa hiyo haipo, kwa hiyo wa mashariki ya Ulaya wanazunguka kupitia Uturuki, Israel, Sinai, wanaufuata Nile kushuka Sudan, wanaingia kwetu na wengine wanateremka mpaka Afrika Kusini. Huyu wa kwenu safari ikaishia kwenye waya wa stima.

Usikibandue. Selotepu ya miaka 40 inachukua karatasi yote na mwandiko juu yake. Piga picha kila upande, na mwanga wa pembeni ili namba zijitokeze, soma herufi zote zilizotangulia namba maana bila hizo namba haina maana, na usikisugue kwa ndimu wala majivu, alumini iliyochakaa inafutika. Halafu peleka taarifa kitengo cha ndege cha Makumbusho ya Taifa Nairobi au shirika la Nature Kenya, ofisi zao ziko palepale kwenye uwanja wa makumbusho, wao wanajua kuiunganisha na Moscow. Hata ikiwa imechelewa miaka 40 inapokelewa. Unaweza ukajibiwa huyo korongo alikuwa na miaka mingapi, na alivishwa pete akiwa kinda kwenye kiota gani. Inaweza pia rejista isipatikane, sitaki uweke matumaini yote hapo.

Na kwa kuwa mko Voi, kuna jambo lingine utafute humo. Ng'ambo yenu kidogo, Tsavo Magharibi, kuna ile loji ya Ngulia juu ya ukingo wa mlima. Tangu 1969 watu wanakesha pale Novemba na Desemba, kwa sababu usiku usio na mbalamwezi ukungu ukishuka, ndege wanaosafiri gizani wanapotea mwelekeo na kuvutwa na taa. Kukicha vichaka vimejaa. Mamia ya maelfu wamevishwa pete pale na baadhi wamekuja kupatikana Arabuni na Urusi. Wengi ni vijindege vya kahawia ambavyo ukiviona mchana huvigeukii mara mbili. Kuna kimoja, Waingereza wanakiita marsh warbler, mtafiti mmoja alikaa Ubelgiji akakisikiliza kikiimba akakuta kinaiga sauti za ndege zaidi ya 100 wa Afrika, yaani kinabeba orodha ya kila kilichosikia njiani, daftari lenye mabawa. Basi ukikuta mzee kaandika usiku wa ukungu, taa, vijindege vingi, hata bila majina, weka alama. Tarehe hizo zinaweza kulinganishwa na za Ngulia usiku kwa usiku. Na mvua aliyoandika usiitupe kwa kuona si ndege, maana wahamaji wa Tsavo wanakwenda na mvua, bila mvua nusu ya maelezo haipo.

Kuhusu yapelekwe wapi, nikwambie ukweli kila njia ina ubaya wake. Ukiyaweka nyumbani yanabaki ya familia, lakini mchwa, mende na ukarabati mwingine vipo, na siku ukiondoka wewe atakuja mjukuu na kiberiti chake. Ukiyatoa kwa makumbusho yanahifadhiwa, ila usitegemee mtu atayafungua kesho, wana kazi kuliko mikono, yanaweza kukaa kama zile kadi za Maryland. Ukiandika kwenye eBird dunia nzima inaona haraka, kuna aina ya orodha inaitwa ya kihistoria kwa ajili ya rekodi ambazo hujui alitembea muda gani, na pale asipoandika idadi unaweka X tu kwamba alikuwepo. Lakini eBird haihifadhi mwandiko wa mzee, wala madeni ya jirani. Na ukifanya hivyo fungua akaunti kwa jina lake, usichanganye na yako, jina lake libaki kwenye kila mstari.

Mimi ningefanya hivi. Ningepiga picha kila ukurasa mwanzo mpaka mwisho, na kava, na kurasa tupu pia, kwa simu, karibu na dirisha, bila flashi, picha zipewe jina la daftari na namba ya ukurasa, nakala moja kwenye mtandao na moja kwa kaka yule mwenye busara zaidi. Picha zikishakuwepo hata nyumba iungue hujapoteza yote. Kisha ningeongea na makumbusho kuhusu madaftari yenyewe, na kabla ya kukabidhi chochote kuwe na barua, imesainiwa, inasema ni mali ya nani, familia inapata nakala, jina la mzee linatajwa popote yanapotumika. Akija mtu binafsi anayejiita mtafiti anataka kuyabeba "kuyaangalia kidogo", mpe picha, madaftari yabaki. Zile kurasa za madeni zifunike kabla hazijatoka nje, kuna watu wako hai. Na akiwa ameandika kiota cha tai au cha wale ndege wachache wanaopatikana milima ya Taita tu, mahali kamili usiweke hadharani, mpe mtaalamu peke yake.

Kuna wakati simu na maelezo yangu hayatoshi. Kurasa zikiwa zimegandana, zina madoadoa ya kuvu, au ukifungua zinavunjika kama chapati kavu, acha, usizianike juani wala usipulizie dawa ya mende, weka mbali na mengine, uvae barakoa, uende kwa wahifadhi wa nyaraka, Makavazi ya Taifa Nairobi wapo watu wa kazi hiyo. Kupaka gundi, selotepu mpya, au kuzipeleka mjini zikafunikwe kwa plastiki ya moto, hayo hayarudi nyuma.

Kompyuta isubiri wiki mbili tatu. Mama ana miaka 79 na ndiye aliyekuwa anamsikia mzee akitaja hayo majina, ndiye anajua "kule kwa fundi" ni upande gani wa barabara na mwaka gani mlihamia nyumba ya sasa. Kaa naye asubuhi akiwa hajachoka, daftari moja kwa siku, msomee. Na hilo jina la Kitaita linalorudi kila Novemba mwombe alitamke huku ukirekodi, umuulize huyo ndege anafananaje na analiaje, kabla hujamwonyesha picha yoyote.